Jinsi ya kuomba rekodi za usalama wa uchaguzi kaunti yako, na wasikuambie ni siri

Tunaelekea uchaguzi mkuu wa Kenya, Jumanne ya 10 Agosti 2027, na tayari kila grupu ya WhatsApp ina mtaalamu wake wa seva. Leo tuachane na seva kidogo tuongee makaratasi. Masanduku yalilala wapi, nani alisaini kuyapokea, mashine ya KIEMS (ile ya kutambua wapiga kura) ya kituo chenu ilikuwa namba gani na iligoma saa ngapi, askari wangapi walitumwa pale shuleni, jenereta ya ukumbi wa kujumlisha kura ilijaribiwa mapema ama ilikuja kuvutwa kamba giza likishaingia. Hayo yote yameandikwa mahali, na mengi yako kwa ofisi ambayo unafika na matatu moja. Shida ni hatuombi. Ama tunaomba vibaya, mtu anaandika "naomba maelezo kuhusu usalama wa uchaguzi", anajibiwa kwamba uchaguzi ulikuwa huru na wa haki na usalama uliimarishwa vilivyo, asante kwa kutuandikia, kwisha.

Omba karatasi, usiombe maelezo. Maelezo yanatungwa siku unayouliza, karatasi iliandikwa siku mambo yalipotokea na haikujua kama utakuja kuiulizia.

Sheria tuipitie haraka. Katiba ya 2010 kifungu cha 35 inampa kila raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali, halafu kuna Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016, ile namba 31, inayosema namna ya kuomba. Ndani yake kuna vitu vitatu ambavyo karani wa risepsheni mara nyingi hajui, kwa hivyo vijue wewe. Moja, si lazima useme sababu, kifungu cha 4 kinasema haki yako haiguswi na sababu uliyotoa wala na sababu ambayo ofisi inadhani unayo moyoni. Mbili, unaweza kuandika kwa Kiswahili ama Kiingereza, na mzee asiyejua kuandika ama mtu mwenye ulemavu anaenda anaongea kwa mdomo, na ni kazi ya afisa kumwandikia na kumpa kopi. Tatu, hata kama ofisi ina fomu yake maalum hawawezi kukukatalia eti kwa sababu tu hukuitumia. Hiyo iko kifungu cha 8, iandike kwa mkono nyuma ya barua yako uende nayo, manake utaambiwa fomu zimeisha.

Sasa nani ana nini. Hapa ndo barua nyingi zinafia.

Usalama haujagatuliwa. Gavana hana polisi. Kamishna wa kaunti anakaa mji mmoja na gavana, pengine hata jengo limepakana, lakini yeye ni mtu wa serikali ya kitaifa na ndiye anaongoza kamati ya usalama ya kaunti. IEBC, yaani tume ya uchaguzi, nayo ni tume huru, haiko chini ya yeyote kati ya hao wawili. So ukimwandikia gavana kuhusu masanduku ya kura umepoteza wiki, na ukimwandikia IEBC kuhusu kamera za barabarani za kaunti umepoteza zingine.

Kwa IEBC, lenga ofisi ya eneobunge. Yako maeneobunge 290 na ofisi ya eneobunge ndo inapitisha vitu kwa mkono: inapokea vifaa, inavigawa kwa wasimamizi wa vituo, inavirudisha ghalani. Hapo ndo kuna daftari za kukabidhiana, orodha ya vituo, orodha ya mashine za KIEMS zilizoenda kituo gani, fomu za matokeo za wadi na eneobunge. Na kuna kitu kimoja watu hawakijui kabisa, shajara ya kituo, lile daftari ambalo msimamizi wa kituo anajaza siku nzima: alifungua saa ngapi, namba za mihuri ya plastiki iliyofunga masanduku, fujo zilizotokea, mashine ilipokwama. Mawakili wa kesi za uchaguzi huliulizia hilo karibu mwanzo. Wewe pia liulizie. Kumbuka tu kwamba sanduku lililofungwa kwa mihuri halifunguliwi kwa barua yako, hiyo ni amri ya korti, kwa hivyo omba kilicho nje ya sanduku.

Kwa serikali ya kaunti yenyewe, watu wanadhani hakuna kitu. Kiko. Kumbi za kijamii, vyuo vya ufundi vya vijijini na madarasa ya chekechea ni mali ya kaunti na vingi hugeuzwa vituo ama kumbi za kujumlisha kura, kwa hivyo kuna barua kati ya IEBC na kaunti kuhusu kuzitumia, kuna mtu alikagua milango na stima, kuna ratiba ya ambulensi na zimamoto kukaa tayari. Kuna tenda za kamera na taa za barabarani. Kuna askari wa kaunti, wale wanaofukuza mama mboga, na ni halali kabisa kuuliza kama walipangiwa kazi yoyote siku ya kura na kwa agizo la nani. Kuna na magari: sheria ya makosa ya uchaguzi ya 2016 inakataza mali ya umma kutumika kwa kampeni, na kila gari la serikali lina karatasi ya safari ambayo dereva hujaza, kwa hivyo ukiona lile Land Cruiser la idara ya maji kwa mkutano wa siasa, andika namba na tarehe halafu uombe karatasi ya siku hiyo tu. Si karatasi za mwaka mzima, ya siku hiyo.

Halafu iko hii Mamlaka ya Polisi ya Kaunti. Iko kwa Sheria ya Huduma ya Taifa ya Polisi ya 2011, kifungu cha 41, mwenyekiti ni gavana au mtu aliyemteua, na ndo mahali kisheria ambapo kaunti na polisi wanakaa meza moja kuongea vipaumbele vya usalama wa hapo nyumbani. Omba muhtasari wa mikutano yake ya mwaka kabla ya uchaguzi. Ukijibiwa haijawahi kukutana ama haijaundwa, usinune, hiyo barua ya "hatuna" yenye sahihi na stempu ni rekodi nzuri pengine kuliko muhtasari wenyewe, peleka kwa bunge la kaunti uulize kwa nini.

Bunge la kaunti lenyewe ni rahisi zaidi kuliko wote, katiba kifungu cha 196 inalitaka lifanye kazi zake wazi, kwa hivyo ripoti za kamati na rekodi za mijadala hazifai hata kuombwa kwa sheria, nenda kwa karani wa bunge uulize. Ni vile tu watu hawaendi.

Kwa kamishna wa kaunti na kamanda wa polisi tarajia ukuta. Omba kidogo: idadi ya maafisa waliotumwa kwa kila eneobunge, si majina wala si mpango. Na uombe baada ya uchaguzi.

Hapo nimegusa jambo ambalo nataka tukae nalo. Ukisema "usalama" kwa ofisi ya umma, mtu anafunga droo. Na ile Sheria ya Upatikanaji wa Habari inampa pa kushikilia, kifungu cha 6 kinaruhusu kukataa kama habari itahatarisha usalama wa taifa, maisha ya mtu, faragha, siri za biashara na kadhalika. Kwa hivyo ombi lako linapaswa kutengenezwa lisiguse hizo nyaya. Mimi huwa naangalia mambo matatu kwa kila sentensi. Je, naomba yaliyopita ama yanayokuja? Yaliyopita ni rahisi, mpango wa askari wa kesho ni siri ya kweli na hata mimi ningekunyima, lakini idadi ya askari wa uchaguzi ulioisha ni hesabu tu. Je, naomba hesabu ama majina? Hesabu. Na je, naomba matokeo ya jaribio ama namna jaribio lilivyofanywa? Matokeo. Usiombe kamwe nenosiri, mchoro wa mtandao wao, ama ripoti nzima ya wataalamu waliojaribu kuingilia mitambo, hiyo ikitoka inasaidia mwizi kabla isaidie mpiga kura. Omba hivi: jaribio lilifanywa tarehe gani, na nani, makasoro mangapi yalipatikana, mangapi yalirekebishwa kabla ya siku ya kura. Hakuna siri hapo, na afisa akikukatalia hivyo vitu vinne anaonekana vibaya mbele ya yeyote atakayesikiza rufaa.

Na mara nyingi wao wenyewe wameshasema mambo makubwa kuliko unayoomba. 2017 IEBC ilitangaza hadharani kwamba vituo 11,155 viko nje ya mtandao wa 3G. 2022 tume ikaweka fomu za 34A, zile za matokeo ya urais ya kila kituo, kwa tovuti kila mtu apakue, vituo 46,229 nchi nzima, watu wakakaa usiku kucha wanajumlisha kwa sebule zao. Mwaka huo huo mashine ziligoma Kibwezi Magharibi na sehemu za Kakamega na tume ikatangaza wazi kwamba rejista ya karatasi itumike. So mtu akikuambia orodha ya mashine zilizogoma wadi yenu ni siri ya taifa, muulize kwa upole siri hiyo ilianza lini.

Hata Mahakama ya Juu haikukubali neno usalama liwe kufuli. Kwa ile kesi ya 2017, kabla ya kufuta uchaguzi wa rais tarehe 1 Septemba, iliamuru IEBC ifungulie walalamishi seva waone bila kugusa kitu. Tume haikutii amri ile vizuri, ikataja usalama wa mitambo, na majaji wakasema kama hamfungui basi tutachukulia yale walalamishi wanayosema yana ukweli. Hii usiitaje kwa barua ya kwanza, utaonekana umekuja na vita. Iweke ya rufaa.

Kingine ni muda, na hapa wengi wanachelewa. Kanuni za uchaguzi za 2012 zinataka hati za uchaguzi zihifadhiwe miaka 3 baada ya matokeo kutangazwa, baadaye zinaweza kuharibiwa isipokuwa tume ama korti iseme vingine. Miaka 3 ya 2022 iliisha Agosti 2025. Kwa hivyo anayeanza leo kutafuta shajara za 2022 ataambiwa zimeenda na pengine ni kweli na ni halali. Ila chaguzi ndogo za 27 Novemba 2025, kina Malava, Mbeere Kaskazini, Kasipul, Ugunja, Magarini, hizo bado ziko ndani ya muda, na kama wewe ni wa huko ni mahali pazuri pa kujifunzia kabla ya 2027, mambo ni machache na mafaili hayajarundikana. Halafu jua hii: mtu akiharibu ama akificha rekodi baada ya wewe kuiomba ili usiipate, hilo ni kosa la jinai chini ya hiyo Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016. Kwa hivyo hata ombi ambalo unajua litachelewa lina kazi yake, linaweka alama kwamba karatasi hii inatafutwa.

Barua sasa. Iandike fupi, ukurasa mmoja, vitu vinne ama vitano basi. Hii hapa ya ofisi ya IEBC ya eneobunge, badilisha vile unataka:

Kwa Afisa wa Upatikanaji wa Habari,
Tume Huru ya Uchaguzi na Mipaka,
Ofisi ya Eneobunge la ________.
Nakala: Katibu wa Tume, Nairobi.
Tarehe: ________

KUH: OMBI LA HABARI CHINI YA KIFUNGU CHA 35 CHA KATIBA NA SHERIA YA UPATIKANAJI WA HABARI YA 2016

Mimi ni raia wa Kenya na mkazi wa wadi ya ________. Naomba nakala za rekodi zifuatazo za uchaguzi wa tarehe ________ katika wadi hiyo:

1. Daftari au fomu za kukabidhiana masanduku ya kura na vifaa vya KIEMS, kutoka ghalani hadi kwa wasimamizi wa vituo na kurudi, zinazoonyesha tarehe, saa na namba za mihuri.
2. Shajara za vituo vyote vya wadi hiyo.
3. Orodha ya vifaa vya KIEMS vilivyopelekwa kila kituo, na rekodi ya vilivyokataa kufanya kazi au vilivyobadilishwa.
4. Fomu 36A (matokeo ya uchaguzi wa mwakilishi wa wadi, MCA) za vituo hivyo.
5. Ukurasa wa matokeo wa majaribio ya vifaa yaliyofanywa kabla ya siku ya kura.

Sihitaji majina ya walinzi, namba za vitambulisho, manenosiri wala maelezo ya jinsi mitambo inavyolindwa. Sehemu kama hizo mnaweza kuzifunika na kunipa zilizobaki. Ikiwa rekodi yoyote haipo, naomba niambiwe hivyo kwa maandishi. Ikiwa iko kwa taasisi nyingine, naomba ombi lihamishiwe huko ndani ya siku 5 na nijulishwe. Ningependa nakala za kielektroniki. Ikiwa kuna gharama ya kutoa kopi, naomba nijulishwe kabla.

Jina, sahihi, namba ya simu, imeili.

Hiyo nakala ya kwa Katibu usiiache. Sheria ya IEBC ya 2011 ina kifungu chake cha kuomba habari, cha 27, na hicho kinasema ombi lielekezwe kwa Katibu wa tume, kwa hivyo ukipeleka eneobunge peke yake mtu anaweza kukwambia umekosea mlango. Ukipeleka kote kuwili umewafunga. Kwa serikali ya kaunti anayeandikiwa ni Katibu wa Kaunti, kwa bunge la kaunti ni karani wa bunge, na kwa ofisi yoyote ya umma ambayo haijateua afisa wa habari, mkubwa wa ofisi ndiye afisa huyo kisheria, hawezi kusema mtu huyo hatuna.

Kupeleka. Chapisha mbili. Moja wanabaki nayo, nyingine wanaigonga stempu ya kupokelewa yenye tarehe na mtu anaandika jina na kusaini, unarudi nayo. Stempu hii ndo kila kitu, bila hiyo siku hazihesabiki, na usikubali "acha tu hapo nitampatia". Wakikataa kugonga, kaa hapo hapo kwa risepsheni utume imeili yenye skani ya barua, halafu utume ya pili ukisema leo saa fulani nimefika ofisini barua ikakataliwa kugongwa. Hata kama stempu umepata, tuma imeili bado. Wengine wataomba kopi ya kitambulisho wajue wewe ni raia, mpe lakini chora mistari miwili juu ya hiyo kopi uandike "kwa ombi la habari la tarehe fulani tu", unajua vile kopi za vitambulisho hutembea hapa kwetu.

Kama mko kikundi, pelekeni kama kikundi, sheria inatambua hata kampuni na mashirika yanayomilikiwa na Wakenya. Jina la mtu mmoja kwa barua kama hii sehemu zingine linamchoma, na hili la usalama wa watu si mzaha, 2017 tulimzika Chris Msando wa tume ya uchaguzi, aliyeuawa, 2022 tukamzika Daniel Musyoka aliyekuwa anasimamia uchaguzi Embakasi Mashariki. Kwa hivyo ukiona unaogopa usijione mnyonge, tafuteni tatu nne msaini pamoja, ama shirika la haki za binadamu la hapo mjini liwatumie.

Siku. Ofisi ina siku 21 kukujibu tangu ilipopokea. Inaweza kujiongeza mara moja tu, siku zisizozidi 14, kama rekodi ni nyingi ama lazima iulize wengine, na lazima ikwambie. Kama habari inahusu maisha ama uhuru wa mtu ni saa 48, lakini usiitumie vibaya hii. Zikipita siku 21 kimya, sheria inasema umekataliwa. Watu wanadhani kimya ni kusubiri, wanapiga simu kila wiki miezi sita, "mkubwa yuko semina". Kimya kikifika siku ya 22 wewe unayo rufaa mkononi, anza.

Pesa: kuomba ni bure. Wanaweza kulipisha gharama halisi ya kutoa kopi na kukufikishia, si zaidi, na ukishalipa wana siku 2 za kazi kukupa. Ukiambiwa lipa ya kutafuta faili, ama ya "mtu wa stoo", omba risiti ya serikali. Hiyo hoja huwa inaisha hapo. Ukienda na simu yako ukubaliwe kupiga picha kurasa, hata kopi hulipii.

Majibu ya kukwepa yako machache na yanajirudia. "Hiyo ni siri ya usalama." Sawa, naomba niandikiwe ni sehemu gani ya barua na ni kifungu gani kidogo cha kifungu cha 6, na zile sehemu zingine nipewe. Nusu ya wakati mtu hawezi kuandika, manake hakuna. "Wewe ni wa chama gani?" Kifungu cha 4, na tabasamu. "Enda Nairobi." Hapana, kama rekodi iko kwa taasisi nyingine wewe ndo unahamisha ombi ndani ya siku 5, mimi sihamishi miguu. "Sheria ya kulinda data hairuhusu." Sheria ya 2019 inalinda data za watu, na mimi nimeomba namba za mihuri, mihuri haina faragha. Kama kuna majina, wafunike kwa wino mweusi.

"Kuna kesi kortini" ni gumu kidogo, wakati mwingine ni kweli. Lakini kesi za uchaguzi zina saa yake: ya mbunge, gavana ama MCA inafunguliwa ndani ya siku 28 tangu matokeo yatangazwe na inaamuliwa ndani ya miezi 6 tangu ifunguliwe. Ya rais ni siku 7 kufungua na 14 kuamua. Uliza ni kesi namba gani, ya korti gani, na inahusu karatasi ipi kati ya ulizoomba. Kesi ya mbunge haizuii barua ya kaunti kuhusu jenereta.

Ukikataliwa ama ukinyamaziwa, unaenda kwa Tume ya Haki ya Kiutawala, CAJ, ile watu wanaita Ombudsman. Una siku 30 kutoka ulipojulishwa uamuzi, na kama ni kimya mimi ningezihesabu tangu siku ile ya 21 iishe nisiingie kwa ubishi. Hakuna wakili, hakuna ada. Wanataka barua yako iliyogongwa stempu, jibu kama lipo, na aya moja ya kilichotokea. Tume hii iko Nairobi na ina ofisi za matawi kama Mombasa, Kisumu na Eldoret, na ina meza kwa baadhi ya Huduma Senta, kwa hivyo usidanganywe lazima usafiri. Inaweza kuita maafisa, na inaweza kuamuru habari itolewe. Amri yake ikisajiliwa Mahakama Kuu inatekelezwa kama hukumu ya korti, na asiyeridhika, wewe ama wao, ana siku 21 kwenda Mahakama Kuu.

Inachukua muda, siwadanganyi. Ila nimeona mara kadhaa ofisi iliyonyamaza kabisa ikipata uhai siku barua ya Ombudsman inapoingia, ghafla faili imepatikana. Na korti nazo hazina woga na hili, zile karatasi za mkataba wa reli ya SGR ambazo tuliambiwa miaka yote ni siri, ni wanaharakati waliziombea kwa hiki hiki kifungu cha 35, na 2022 Mahakama Kuu pale Mombasa ikasema zitolewe. Kama mkataba na China unatoka, daftari la mihuri la wadi yenu ni nini.

Karatasi zikishatoka usikimbilie kuposti. Kaa chini kwanza, weka shajara pembeni ya fomu ya kukabidhiana, linganisha namba za mihuri zilizotoka ghalani na zilizorudi, angalia saa: kituo kilifunga saa ngapi na sanduku lilifika saa ngapi, umbali ni kilomita ngapi, kulikuwa na mvua? Utakuta tofauti. Nyingi zina maelezo ya kawaida kabisa, karani aliandika 6 ikasomeka 0, gari lilikwama, mtu alikuwa macho tangu jana alfajiri. Kwa hivyo ukipata namba haziendani, andika barua ya pili ya kitu hicho kimoja tu, kituo fulani, muhuri fulani, kuna rekodi ya kubadilishwa? Ndo uone wanasema nini. Na siku ya kuweka mtandaoni, funika namba za vitambulisho na za simu za makarani na maajenti kwanza, hata kama ofisi ilisahau kuzifunika, na upige skani ukurasa mzima na stempu yake, si skrinshoti ya mstari mmoja.

Kwa 2027 barua yako ya kwanza isingoje Agosti. Orodha ya vituo na vilivyo nje ya mtandao, kumbi zitakazotumika na nani alizikagua, tarehe ambazo vifaa vitajaribiwa hadharani ili muende muone, hizo unaweza kuziomba mapema ofisi zikiwa bado zimetulia na karani ana nafasi ya kukutafutia faili. Za kukabidhiana na za mashine ziweke tayari kwa kompyuta ya saiba, tarehe tu ndo ibaki wazi, uzigongeshe stempu wiki ile ya matokeo.